Nyoka wa Maji Aliyebakiwa na Kichwa Kimoja

Miaka ile ya Zaire, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, nilikuwa bingwa. Nasema bila aibu. Mfanyabiashara wa Uvira aliyepanga chumba kwetu Kalemie alishuka bandarini na mashine ya mchezo wa televisheni, mali ya mteja wake wa Moba, akaturuhusu tuicheze mpaka boti ya kwenda huko ipatikane. Kaka yangu, kwa Kifaransa chake cha shule, alitusomea kijitabu: nyoka mwenye vichwa vitatu amemeza jua la mfalme, analala chini ya ziwa, na pumzi yake hupanda angani ikiwa na rangi tele.

Nkambo, nyanya yetu mzaa baba, mtu wa milima ya Moba, aliacha kuchambua maharage.

"Huyu tunamujua," alisema. "Pumzi yake njo upinde wa mvua. Wazungu walimutoa wapi?"

Tangu hapo hakubanduka mbele ya televisheni.

Siku tatu mfululizo nyoka alitumeza sote, na kila akikumeza unaanza upya. Siku ya nne boti ilikuwa inaondoka saa tisa mchana. Saa nane nilimfikia nikiwa na roho moja tu. Nikakata kichwa cha kwanza, nikakata cha pili. Kaka alikuwa anarukaruka juu ya kitanda, na furaha ilinijaa hadi kooni.

"Acha," Nkambo akasema. "Papa yako iko ku maji. Haiuliwe nyoka wa maji wakati muntu wenu angali kule."

Papa, baba yetu, alikwenda kuvua ndagala jana yake jioni. Kwa kawaida alirudi alfajiri, ila siku hiyo hakuonekana. Tangu asubuhi kila mtu nyumbani alilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

"Ni picha tu, Nkambo," kaka alisema. "Weye, piga."

Nyoka alifungua kinywa. Hapo ndipo pa kumpiga, nilipajua kama mlango wa kwetu. Kidole kiligoma. Akanimeza.

Kaka alinitukana matusi yote aliyoyajua. Mfanyabiashara alichomoa nyaya, akazikunja, akaenda zake bandarini. Mimi nilikaa kizingitini nikiangalia njia ya ufukweni, nikilia.

Saa kumi Papa akatokea, anapiga mluzi.

"Nilifika tangu asubuhi," alisema, akishangaa machozi yangu. "Tulikuwa tunasukuma kete za dame na barafiki."

"Munaona?" Nkambo alisema kwa raha. "Amerudi."

Nilimkumbatia Papa kwa nguvu zangu zote, halafu nikamuuma mkono. Sijawahi tena kumkasirikia mtu namna ile kwa kosa la kuwa mzima.