Pak Lasmono na Ule Mfumo Mwingine

Mtaa wetu wa Salatiga umejaliwa mengi: maji baridi ya mlimani, karanga tamu, na Pak Lasmono. Maji na karanga hatujawahi kuvilalamikia.

Pak Lasmono, maana kwetu bwana ni Pak na bibi ni Bu, alikuwa mwalimu wa shule ya ufundi. Alianza kwa kufundisha kupiga chapa, enzi zile darasa linanguruma kama mvua ya mawe juu ya bati, kisha zikaja kompyuta naye akahamia huko. Alipostaafu, wenzake wa rika lake walianza kufuga njiwa. Yeye akafuga imani. Imani hiyo inaitwa Linux, mfumo wa kompyuta ambao hauuzwi, kila mtu anauchukua bure na kuuchokonoa atakavyo. Mfumo wa kulipia, huu unaotumiwa na wenye dhambi wengine wote, hakuutaja kwa jina. Aliuita "ule mwingine", kwa sauti ambayo mwanamke hutumia kumtaja mke mwenzake.

Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ukuta tu, kwa hiyo nilikuwa miongoni mwa waliokombolewa mapema. Alikuja na kidude chenye huo mfumo wake mfukoni, akakaa sebuleni kwangu, akanywa chai yote, akaufuta ule mwingine na kuweka wake. Tangu siku hiyo kompyuta yangu haikuingiwa na kirusi hata kimoja. Printa nayo haikutoa karatasi hata moja.

"Bu Wening," alinieleza kwa upole, "printa yako haijawa tayari kwa uhuru."

"Mimi nataka kuchapa kadi za arusi ya mwanangu, Pak. Sipiganii uhuru."

"Kwani zamani watu hawakuoana? Waliandika kwa mkono."

Niliandika kwa mkono. Vidole vilipovimba, alinishauri ninunue printa nyingine.

Basi, mtaa una kikundi cha keroncong, muziki wetu wa kizamani wa fidla, filimbi na vigitaa vidogo. Mimi ndiye mwimbaji, kwa sababu yule mwenye sauti nzuri alihamia Semarang. Watoto wetu wengi wako ng'ambo, Taiwan na Hong Kong, viwandani na majumbani mwa watu, na wakati ule sikukuu ilikuwa inakaribia na wengi wao hawakupata ruhusa ya kurudi. Pak Suradi, mwenyekiti wa mtaa, akatoa wazo: tupige muziki Jumapili asubuhi kwenye ukumbi wa mtaa, turushe moja kwa moja mtandaoni, watoto watutazame hukohuko waliko.

Pak Lasmono akasimama na kujitwisha kazi yote ya mitambo. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye. Nilikubali pia kwa sababu nilijua binti yake, Anjani, yuko kiwandani Kaohsiung, na Bu Ratri, mkewe, alikuwa akipita mbele ya chumba cha yule binti kwa kunyata, kama vile bado kuna mtu amelala mle ndani.

Ukumbi wetu una kuta nene na paa la bati. Mtandao wa hewani unafika mlangoni unakata tamaa. Pak Suradi akavuta waya kutoka nyumbani kwake, jirani na ukumbi, ukapita dirishani hadi mezani. Siku ya majaribio, mwanzoni mwa wiki, Pak Lasmono alichomeka waya huo kwenye kitundu chake ubavuni mwa laptopu, akakunja mikono, akangoja. Pale kwenye kitundu pana vitaa viwili vidogo vinavyotakiwa kuwaka kuonyesha kwamba waya umeshika. Havikuwaka.

"Waya mbovu," alisema Pak Lasmono.

Ukaletwa waya mwingine. Vitaa havikuwaka.

"Ruta ya Pak Suradi mbovu."

Bu Ratri akachomeka waya uleule kwenye laptopu yake kuukuu, ile anayoangalizia mapishi. Vitaa vikawaka papo hapo, tena vikapepesa.

"Ya kwangu nzima," alisema Bu Ratri.

"Kuwaka si kuwa nzima," alijibu mumewe.

"Sasa Pak Las," akaingia Pak Suradi, "huo uhuru wako umekatika wapi?"

Watu wakacheka. Pak Lasmono hakucheka. Alifungua ile skrini yake nyeusi anayoandikia amri, akaanza kazi, na nitakuwa mkweli, alijua anachofanya. Aliiuliza mashine kama inakitambua kitundu. Ikajibu kwamba inakitambua, jina na ukoo. Akauliza kama kuna waya umechomekwa. Ikajibu hakuna waya. Waya tulikuwa tunauona wote. Akaiondoa programu inayoendesha kile kitundu, akairudisha. Hakuna waya. Akatafuta programu nyingine ya kazi hiyohiyo, akaiweka. Hakuna waya. Akaurudisha mfumo mzima kwenye toleo la zamani, huku akitulaani sisi kwa kupumua karibu naye. Hakuna waya.

"Sisi tuna laptopu zetu, Pak," nilisema. "Si tutumie hata ya Bu Ratri?"

"Ya Ratri itabeba maikrofoni zote hizi? Itabeba kamera? Itakufa kabla hujafika ubeti wa pili."

Hapo alisema kweli.

Asubuhi moja katikati ya wiki alikuja kugonga kwangu akiwa na kikoi na uso wa ushindi. Kitundu kimefufuka! Alikuwa ameiondoa chaja, akakibana kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu mpaka umeme wote uliobaki ndani ukaisha, akaiwasha upya, na vitaa vikawaka. Akanieleza mara mbili, kisha akavuka barabara akamweleze Pak Suradi. Nilimpongeza. Hata chai nilimpa.

Alasiri nikasikia akitukana upande wa pili wa ukuta. Kitundu kilikuwa kimekufa tena.

"Mbona kinakufa kila ukitoka kulala mchana?" Ilikuwa sauti ya Bu Ratri.

"Ratri, kompyuta haijui kwamba nimelala."

"Hata mimi sijui kama umelala. Mlango unaufunga kwa ufunguo."

"Nafunga ili nipate utulivu."

"Utulivu gani huo unaobofya?"

Nikalitoa sikio langu ukutani kwa heshima.

Usidhani hakutafuta msaada. Aliandika swali refu kwenye baraza la mtandaoni wanakokutana waumini wa Linux wa dunia nzima, akaeleza kila alichojaribu. Muungwana wa kwanza alimjibu asome maelekezo kwanza. Wa pili akamwambia aina ya Linux anayotumia ni ya watoto. Wa tatu akamtetea, wa nne akamshambulia wa tatu, na hao wawili wakagombana kwa kurasa nzima juu ya jambo lisilohusu kitundu wala waya. Pak Lasmono alisoma yote hayo kwa fahari.

"Unaona Bu Wening? Huku watu wanajali."

Jumapili ikafika. Tulivaa batiki zetu bora. Nilikuwa nimepaka poda inayotosha watu wawili. Spika zimefungwa ndani na nyingine nje uani kwa ajili ya majirani, picha ya laptopu inaonekana kubwa ukutani kwa projekta, na huko ng'ambo watoto wameshaanza kutuma ujumbe kwenye simu za mama zao kuuliza mbona haijaanza. Pak Lasmono alichelewa kidogo. Alisema alikuwa amejifungia nyumbani kupumzisha macho kabla ya kazi kubwa. Akachomeka waya.

Vitaa havikuwaka.

Pak Suradi, ambaye hana imani yoyote zaidi ya kufanikisha mambo, alichomoa mfukoni kidude cha kuongezea kitundu kingine cha waya, kinachochomekwa pembeni. "Weka hiki, Pak Las, tumalize."

"Unanivalisha mguu wa bandia na mguu wangu ninao?"

"Unao, lakini umekufa!"

"Haujafa. Kuna kitu kinaufanya hivi. Mimi nataka kujua ni nini."

Wakati wanavutana, Bu Ratri alikuwa ameshika simu ya mumewe. Akasema kuna mtu mpya amejibu kule barazani, mtu wa Brazili. Akaanza kusoma kwa sauti, akitutafsiria taratibu.

"Anasema hivi: 'Ndugu, kwenye hiyo mashine kuna ule mfumo wa kulipia pia? Maana ukiuzima, mara nyingine hauzimiki kabisa, unasinzia tu, na unakilaza na kitundu cha waya. Ukiwasha Linux, inakikuta kimelala na haijui kukiamsha. Ingia kule, uondoe huo mpango wa kusinzia, uzime kabisa, kisha rudi Linux.'"

Tulimtazama Pak Lasmono, mtu ambaye aliwahi kukataa kuingia nyumba yenye msiba mpaka kompyuta ya sebuleni, yenye ule mwingine, izimwe.

"Mtu huyo hanijui," alisema.

"Ndiyo maana ameuliza," alisema Bu Ratri.

Pak Lasmono akatazama dari. Akatazama waya. Kisha akapiga makofi kama bado yuko darasani. "Jamani, tokeni mkanywe chai kwanza. Kuna kazi ya kitaalamu inataka ukumbi mtupu. Mkijaa hivi mnaleta umeme tuli."

Tukatoka. Mlango ukafungwa nyuma yetu. Uani kulikuwa na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, wali uliofungwa majani ya mgomba, na chai ya yasmini, kwa hiyo hakuna aliyedai maelezo zaidi. Nilikuwa na tempe mdomoni spika za nje zilipolia mlio mfupi mtamu, ule ambao ule mwingine huutoa ukiamka. Mkono wa Pak Suradi ukasimama hewani na kikombe chake. Kabla hatujaangaliana vizuri, ikapigwa honi ya basi, ile ya makelele yenye wimbo, ikavuma mtaa mzima mpaka kuku wakakimbia. Halafu sauti ya kondakta: "Solo! Solo! Kartasura, Solo! Nafasi ipo dada, panda, panda!"

Pak Suradi ndiye aliyefungua mlango. Ukutani, ukubwa wa ukuta mzima, kulikuwa na usukani, kioo cha mbele na barabara ya Semarang kwenda Solo. Pak Lasmono alikuwa akihangaika na kipanya kutafuta pa kufungia, na katika kuhangaika akaliingiza basi kwenye kibanda cha supu.

Alikuwa ameupanga mchezo huo wa kuendesha basi ujifungue wenyewe ule mwingine ukiwaka, asipoteze muda wake wa kulala mchana.

Tulicheka, sitadanganya. Mpiga fidla alikaa chini kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuipanga hotuba yangu kuhusu printa na kadi za arusi, na ilikuwa inakuja vizuri.

"Pak Las," Pak Suradi aliuliza huku akifuta machozi, "leseni unayo?"

"Sina," alisema Pak Lasmono. Hakugeuka. "Niliomba. Walininyima kwa ajili ya macho." Akavua miwani, akaifuta na shati. "Baba alikuwa kondakta kwenye njia hiyo. Nilikuwa nakaa kwenye kiti kile cha mbele nikiwa mdogo, napiga honi dereva akiniruhusu. Nilipokataliwa, nikaenda kusomea kupiga chapa. Linux haina mchezo wenye njia hii. Nimetafuta."

Bu Ratri alibaki amesimama na simu mkononi. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akijua kwamba baba mkwe alikuwa kondakta. Hilo lingine hakulijua, uso wake ulionyesha.

Hotuba yangu nikaimeza pamoja na tempe.

Pak Suradi akakohoa, akavuta kiti, akakaa kando yake. "Haya dereva. Abiria wako Taiwan wanasubiri. Huyo Mbrazili amesema tubonyeze wapi?"

Wakaufunga mchezo. Bu Ratri akasoma, Pak Lasmono akabofya. Kulikuwa na mpangilio wa kuzima haraka, ambao kumbe ndio huo usingizi wenyewe, ulijiwasha ule mwingine ulipojisasisha juzijuzi bila kumuuliza mwenye nyumba. Wakauondoa. Kulikuwa na mwingine unaokata umeme wa kitundu mashine ikizimwa. Nao wakauondoa. Wakazima kabisa, wakawasha, wakaingia Linux. Pak Lasmono akachomeka waya akiwa amefumba macho. Bu Ratri akamgusa bega.

Vitaa vikawaka kijani.

Tuliimba. Picha haikukwama hata mara moja. Nusu ya watoto walilia, na Anjani alituandikia kutoka Kaohsiung: "Baba, inasikika vizuri sana! Anayeimba ni nani? Mwambieni ashuke kidogo." Niliusoma ujumbe huo ukutani, kwa herufi kubwa, nikiwa bado naimba.

Wiki iliyofuata kulikuwa na foleni mlangoni kwa Pak Lasmono. Watu walishika laptopu zao kifuani na kuomba, kwa adabu yote, warudishiwe ule mwingine. Nilitarajia mahubiri. Aliwarudishia mmoja mmoja bila neno, ingawa kila mmoja alimwachia na Linux pembeni, "kwa dharura". Ya kwangu aliifanya mwenyewe sebuleni kwangu, na chai ilinywewa yote kama kawaida. Printa ilitoa karatasi ya kwanza ikiwa na vumbi.

Kule barazani alirudi kuandika jinsi alivyopona, jambo ambalo waungwana wa kule hawana mazoea nalo. Aliandika kila hatua, na akakiri kwamba mfumo wa pili ulikuwa wake na mchezo ulikuwa wa basi. Yule wa tatu na wa nne hawakuona, walikuwa bado wanagombana. Mbrazili alimpongeza.

Siku hizi mlango wa mchana haufungwi kwa ufunguo. Bu Ratri huingia na vikombe viwili, akakaa kando yake, nami upande wangu wa ukuta humsikia akigomba: "Punguza mwendo, Pak! Huoni watu wanavuka?"