Mvinyo Uliopikwa na Jua

Mama Funguo alipoinua kifuniko cha sanduku la mbao lililoshushwa kwenye boti, moyo ulimpiga paa. Kizibo cha chupa ya kwanza kilikuwa kimejisukuma juu, karatasi ya shingoni imevimba, na mchirizi mwekundu umekaukia kwenye kioo. Akaweka kiganja juu ya chupa. Ilikuwa ya moto kama birika.

"Ya Mungu wangu," akasema peke yake mle stoo.

Jina la Mama Funguo walimpa wapishi, kwa ajili ya lile shada la funguo lililokuwa likicheza kiunoni mwake mchana kutwa. Stoo ya vinywaji ya ile hoteli ndogo ya ufukweni ilikuwa yake tangu hoteli ina vyumba vya makuti. Mwenyewe hanywi, hajawahi, lakini pua anayo. Alijua bia iliyolala, alijua juisi iliyoanza kugeuka, na mvinyo uliopigwa joto aliujua kwa kunusa tu. Na katika kisiwa kile cha jua kali mvinyo wa namna hiyo ulikuwa umejaa tele, maana wenye maduka walipanga chupa madirishani zipendeze.

Hayo ndiyo yaliyomkera mgeni wa chumba cha juu. Alikuwa mstaafu wa reli, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye behewa la chakula, na huko ndiko alikojifunza kuupenda mvinyo. Alikuja na mkewe kupumzika, na tangu washuke kwenye boti alikuwa anazunguka kisiwa kizima akitafuta mvinyo wa kueleweka. Kila alikoonja alikunja uso. Mwishowe akamwomba Meneja amwagizie chupa mbili kutoka bara, wazinywe jioni ya leo, sikukuu ya ndoa yao. Meneja naye, kwa kupenda sifa, akaapa mbele ya wageni wote kwamba hotelini kwake mvinyo utafika salama salimini.

Umefika, basi, lakini usalama ndio hakuna. Mama Funguo akafunga stoo akateremka gatini mbiombio, kanga imemlegea, akamkuta nahodha wa boti ya hoteli akikunja kamba. Nahodha huyo ndiye mume wa mdogo wake.

"Shemeji, zile chupa ulizikalisha wapi?"

"Pale nyuma. Kwani vipi?"

"Juani?"

"Juani wapi bwana! Nilizifunika turubai, lile jeusi, nikalikaza kamba kila upande. Hata upepo haukupita."

Alisema kwa majivuno ya mtu anayengoja kusifiwa. Mama Funguo hakujua acheke au amnase kibao.

"Umezipika, Shemeji. Njia nzima umezifungia kwenye tanuri."

Yule bwana akaangalia boti, akaangalia turubai, kisha akakaa juu ya kamba zake. Wote wawili walijua hesabu yake kwa Meneja ilivyokuwa imekaa vibaya. Juzijuzi tu aliigongesha boti gatini, na Meneja akamwambia mbele ya watu: kosa moja tena, fungasha. Na kufungasha kwake si kwake peke yake. Kile chumba walichoishi kilikuwa cha kazi, na ndani yake mdogo wake Mama Funguo alikuwa na kichanga ambacho hata kitovu hakijapona.

"Shemeji, nakuomba," nahodha akasema. "Usimwambie Meneja."

"Nyamaza. Niache nifikiri."

Alichofikiri ni hiki: chupa ya pili kizibo chake kilikuwa kimetulia. Huenda ilikuwa chini, huenda imepona. Akaitia kwenye ndoo ya maji ya kisimani, akawa anayabadili polepole, maana kuitumbukiza kwenye barafu ghafla kungeimaliza kabisa. Mchana ule hakula. Kila akitoka kutoa soda anarudi kuigusa ile chupa kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa. Meneja alipopita akauliza, "Mambo safi?" akajibu, "Safi." Aliogopa, tena sana.

Jioni meza iliwekwa barazani. Mke wa mgeni alivaa gauni jipya na hereni, mgeni akavaa koti ingawa joto lilikuwa la kukausha koo. Meneja akasimama ubavuni, mikono nyuma, tai imembana shingo. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na pale mlangoni alisimama Shemeji na kapu la samaki, hakusogea mbele wala nyuma.

Mama Funguo akazungusha kizibuo, akavuta. Kizibo kikatoka vizuri. Akakileta puani.

Jamu iliyoungua.

Amimine? Wageni wangapi hunywa wakashukuru wakalala? Lakini huyu si wa kudanganywa, na hata kama angekuwa wa kudanganywa, jamani, mtu na mkewe wamekaa wanatazamana hivyo, unawamiminiaje uchafu?

"Mimina basi, mama," mgeni akasema akitabasamu. "Wiki nzima naisaka hii."

"Naomba radhi, baba. Huu umeharibika. Msinywe."

Mgeni akaichukua chupa, akanusa, akairudisha mezani taratibu. "Kweli. Umepikwa."

Mkewe akaangua kicheko. "Basi tuleteeni maji ya ndimu! Kwani ndoa yenyewe tuliifunga kwa mvinyo?" Mgeni naye akacheka, akavua koti. Kwao yakaisha pale pale.

Kwa Meneja ndiyo kwanza yameanza. Akamvuta Mama Funguo pembeni, chupa ingali mkononi mwake, karibu na ule mlango wa jikoni.

"Nani kafanya hivi?"

Mama Funguo alichukua kitambaa akaifuta chupa, akaifuta tena mahali palipokwisha kuwa pakavu. Alikuwa anampa mtu nafasi. Shemeji alikuwa pale pale, anasikia kila neno, kapu mkononi. Mama Funguo akamtazama usoni. Shemeji akateremsha macho kwa samaki wake.

"Nakuuliza, nani?"

"Mimi," akasema Mama Funguo. "Niliziacha karibu na jiko."

Alidhani atafokewa. Kwa utumishi wote ule, bila doa, angefokewa, akatwe siku mbili tatu za mapumziko, maisha yaendelee. Lakini Meneja alikuwa ameaibika mbele ya wageni aliowaapia. Akanyoosha mkono.

"Lete funguo."

Shada liligoma kutoka kiunoni. Ikabidi mpishi mmoja aje kumsaidia kufungua fundo.

Asubuhi alikuwa anafunga mizigo yake chumbani, mdogo wake alipoingia na mtoto begani, macho yamevimba kwa kulia. Mumewe alimfuata nyuma na kikombe cha chai, akaketi kwenye kiti cha mlangoni.

"Dada, kweli wewe wa kuacha chupa jikoni? Wewe? Mtu mzima, kazi yako yenyewe hiyo! Sasa boti ikikuvusha leo mimi nabaki na nani hapa? Huyu mtoto ananililia usiku na mchana, wewe ndiye uliyekuwa unanipokea. Hukutufikiria hata kidogo?"

Mama Funguo akaacha kukunja nguo. Akamtazama Shemeji. Shemeji alikuwa anapuliza chai ambayo haikuwa na moshi.

"Nilipitiwa, mdogo wangu," akasema.

"Ulipitiwa! Mwenzako huyu wanamsema kila siku mzembe, mzembe, lakini mbona botini mwake chupa zilifika salama?"

Shemeji akanywa chai.