Behewa la Mitundu

Nilisoma mpaka darasa la pili pale Isevya, Tabora mjini, na chuoni Kurani nikafika nusu. Mengine yote nilijifunza kwenye kiwanda cha mbao kilichokuwa porini, kusini ya reli, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka stesheni ya Kigwa. Niliingia pale kubeba mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo yasiyo na kazi ila kuni. Uhuru ulinikuta nanoa meno ya msumeno. Miaka michache baadaye nikawa mkuu wa msumeno, na hakuna ndugu wala mjomba aliyenishika mkono. Wanangu husema baba anajisifu. Ndiyo, najisifu. Waliokuwa na vyeti walikuwa wakija kuniuliza mimi.

Kiwanda kilikuwa cha Kalasinga mmoja, mtu wa maneno machache, anayekula peke yake na kuamka kabla yetu. Tulikuwa tunapasua mninga tu. Mninga ukiukata unatoa maji mekundu kama damu, na asiyeuzoea anaweza kuogopa. Lakini mbao zake ni tulivu. Unazipasua, unazipanga wiki chache kivulini, unazipakia kwenye behewa hata kama ndani bado zina unyevu, na zikifika Dar es Salaam ni zile zile zilizotoka Kigwa. Hazipindi, hazipasuki. Wenye maduka ya samani walikuwa wakiandika barua kutuulizia. Sisi tulidhani ni ufundi wetu. Sehemu ilikuwa ufundi wetu, lakini sehemu kubwa ilikuwa tabia ya mti.

Serikali ilipochukua viwanda, Kalasinga alituaga kwa mkono mtu mmoja mmoja, akapanda treni na mke wake na masanduku mawili. Akaletwa meneja. Hakuwa mtu mbaya, wala sitaki kusikia mtu akisema meneja yule ndiye aliyekiua kiwanda. Alikuwa kijana wa kusoma, anatuita ndugu, na sisi tunamwita ndugu meneja. Zamani wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja na matakwa yake. Sasa akawa mmoja, shirika la huko Dar es Salaam, na barua zake zilikuja zimepigwa taipu.

Wakati huo huo mninga ukatuishia. Watu wanasema ni vijiji vya ujamaa vilivyosogezwa karibu na barabara, na mashamba ya tumbaku, na kuni za mabani ya kukaushia hiyo tumbaku. Ni kweli kuni zile zilikula pori. Lakini mninga wa karibu tuliumaliza sisi wenyewe, kabla kijiji hakijafika. Nilikuwepo. Trekta likawa linakwenda siku mbili kutafuta magogo, na mafuta yenyewe ya kubahatisha. Karibu nasi ulikuwa umebaki mtundu, mti mkubwa mzuri kwa macho, ambao zamani tulikuwa tunaupita bila hata kuugonga shoka.

Basi ikaja barua. Shirika linataka mbao za madawati, kwa ajili ya shule mpya za vijijini, na haliulizi mti gani. Meneja alitusomea mara mbili mbele ya banda la msumeno. Shehena ya kwanza ikifika nzuri, tutapewa kazi ya mwaka mzima. Ikifika mbaya, watachukua mbao laini za mashamba ya miti ya kusini, ambazo zimeanza kupatikana kwa wingi na bei yake ni rahisi. Tulikuwa watu wapatao arobaini pale, wengi na wake na watoto kwenye vibanda vya mabanzi nyuma ya kiwanda. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Tukapasua mitundu. Nilisimama kwenye msumeno ule kuanzia jua kuchomoza, na mbao zilitoka sawasawa kama kurasa.

Mtu wa uwanja, yule wa kupanga mbao na kuzikausha, alikuwa Mgogo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa. Mimi na yule bwana tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi, na sidhani kama tuliwahi kuambiana sentensi moja iliyonyooka. Hata mke wangu alipojifungua alikuja kunipa pole badala ya hongera, akasema mtoto amenifanana.

Siku ya kupakia, behewa lilikuwa linasubiri stesheni na trekta linanguruma. Yeye akawa bado anazunguka kwenye mbao.

"Wewe mpagazi!" akaniita. "Mbao zako mbichi hizi. Zikifika Dodoma tu zitakuwa zimepinda kama miguu ya bibi yako."

"Mgogo na mbao wapi na wapi?" nikamjibu. "Kwenu hata mpini wa jembe mnaagiza kwa treni."

"Ndiyo maana tukiupata tunautazama kwanza. Babu zenu walibeba mizigo mpaka Bagamoyo bila kuuliza ndani mna nini. Na wewe ni hivyo hivyo."

Vijana wa trekta wakaangua kicheko. Yeye akachukua ubao mmoja, akauweka shavuni kama mtu anayesikiliza redio. "Baridi," akasema. "Zingekaa kiangazi kizima hizi, mtani. Huu si mninga."

"Pakia wewe, mla ubuyu. Treni halimsubiri mtu."

Akapakia. Alipakia vizuri, kwa uangalifu, akafunga kamba mwenyewe.

Nimelifikiria sana jambo hili. Angekuja meneja na kuniambia mbao ni mbichi, ningebishana naye, lakini ningekwenda kuupima ubao ili nimshinde. Angeniambia Mnyamwezi mwenzangu, ningemsikia. Huyu alikuwa mtani, na maneno ya mtani sikio langu lilikwisha yazoea kuyatupa kwenye kapu moja na miguu ya bibi yangu. Na nilikuwa nimezoea mninga. Miaka yote nilipakia mbao zenye unyevu na hakuna iliyorudi.

Behewa lilirudi baada ya wiki kama tatu. Stesheni masta alituma mtu kwa baiskeli. Tukafungua mlango. Mbao zilikuwa zimejikunja kama ngozi iliyoanikwa juani. Nyingine zilikuwa zimepasuka mwishoni, kidole kinaingia. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa na mhuri na neno moja tu la maana: hazifai.

Meneja akaitisha kikao cha wafanyakazi. Alisema, kwa upole, kwamba kazi ya kupanga na kukausha mbao ni ya mtu wa uwanja. Kama kiwanda kitamwachisha kazi aliyekosea, na yeye meneja akaandika hivyo kwa shirika, huenda wakatupa nafasi ya pili. Watu wakageuka kumtazama Mgogo. Alikuwa na watoto sita, na mkewe alikuwa mgonjwa wa miguu. Alikaa kwenye gogo, anabandua gome kwa ukucha.

Mimi nilinyamaza. Ningeweza kuandika kwamba nilisimama papo hapo, na walio wengi kati ya waliokuwepo wamekwisha kufa, hakuna wa kunisuta. Sikusimama. Nilijiambia kwamba kiwanda bila mtu wa uwanja kitakwenda, lakini bila mkuu wa msumeno hakiendi. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Mzee mmoja wa kukokota magogo akamuuliza, "Ndugu, hukuona kama mbao ni mbichi?"

"Niliona."

"Ukamwambia nani?"

Mgogo akaendelea na gome lake. "Nilimtania mtu," akasema.

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko kama angenitaja jina. Hapo ndipo niliposimama.

"Mtu mwenyewe ni mimi," nikasema. "Aliniambia mbao baridi, zikae kiangazi kizima, na mimi nikasema pakia. Andika jina langu, ndugu meneja."

"Nikikuandika wewe, msumeno nani ataunoa?"

"Hilo ni lako. Lakini huyu usimwandike."

Meneja alikaa na kalamu yake muda mrefu. Mwisho hakumwandika yeyote. Alieleza mambo yalivyokuwa, kwamba tumezoea mninga na mtundu hatukuujua, akaomba msimu mmoja wa kukausha. Jibu lilikuja fupi. Mbao za madawati zimekwisha agizwa kusini.

Tulipasua vipande vipande vya wateja wa Tabora mjini kwa muda, mpaka mafuta yakaisha na hakuna aliyeleta mengine. Kabla ya mvua za mwaka ule injini ikafunguliwa na kuchukuliwa. Mbao zilizopinda kijiji kilizipeleka kwenye vyoo na mabanda ya kuku. Niliufungua msumeno mimi mwenyewe, nikaupaka mafuta ya mgando, nikaufunga kwa magunia. Sijui ulikokwenda.

Siku Mgogo anaondoka na familia yake nilimsaidia kubeba vyombo mpaka Kigwa. Tulikaa kwenye magunia kusubiri treni la kwenda kwao.

"Ulichelewa kusimama," akaniambia.

"Nilichelewa."

"Nilikuwa nakutazama kwa pembe ya jicho. Nikasema huyu leo ananiuza." Akakaza kamba ya gunia alilokalia. "Na mimi siku ile ya kupakia nilikosea. Ningekushika shati nikakuzuia, si kukutania."

"Ungenishika shati ningekupiga."

"Ungenipiga," akakubali. "Lakini ungejua nasema kweli."

Treni likaja, nikampandishia vyombo.

Nilirudi mjini nikafungua karakana ya useremala Kanyenye, chumba kimoja na benchi nililolitengeneza mwenyewe. Leo mbao za kusini zimejaa kila duka, nyepesi, nyeupe, msumari unaingia kama kwenye sabuni. Mwanzoni nilizitemea mate. Sasa nazitumia, maana mninga ukiupata bei yake ni ya matajiri. Lakini mbao ikiingia kwangu, iwe ya mti gani, namuuliza aliyeileta imekatwa lini, halafu naiweka shavuni. Ikiwa baridi inapangwa nyuma kwenye vijiti na haipigwi randa mpaka niseme mimi. Wateja hugomba. Wiki iliyopita mmoja alitaka mlango kabla ya harusi ya binti yake, nikamwonyesha mbao zilizopo, nikamwambia hazijawa tayari. Akasema jirani yangu atamtengenezea kwa siku mbili. Nikamwelekeza nyumba ya jirani, na akaenda.