Penalti Kumi za Murad

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Mimi ndiye niliyeleta Riyadh lile jina la Mtende, na Elphas alilibeba mwaka mzima bila kunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Elphas alikuwa bawabu wa jumba la ofisi pale Olaya. Mimi, Naftali, nilisafisha vioo vya jumba hilohilo. Wote wawili ni watu wa Vihiga, tuliingia Riyadh na kundi moja la mwaka 2014, enzi zile maajenti walipokuwa wakizoa watu vijijini kila wiki, na tulilala chumba kimoja mtaa wa Manfuha pamoja na wengine sita. Ijumaa tulicheza mpira wa magongo kwenye kiwanja cha vumbi. Shuleni Elphas alikuwa kipa wa tatu, maana yake alikuwa mbeba pedi. Alizifunga miguuni mwa mwenziwe, akazifungua, akazianika juani. Hakuwahi kucheza dakika hata moja.

Mwaka 2015 tulikwenda Jeddah kwenye mashindano ya wafanyakazi. Kipa wetu alinyimwa ruhusa na bosi wake, basi tukamvalisha Elphas pedi kwa kukosa mwingine. Fainali tulikutana na mafundi wa magari wa Jeddah, Wapakistani watupu isipokuwa mmoja: Murad, mtu wa makamo, Mzanzibari ambaye baba yake alihamia huko mwaka 1964. Mechi ikaenda penalti. Ya mwisho akapiga Murad, mpira ukagonga mguu wa Elphas, tukachukua kombe. Murad akajifuta jasho, akasema, "Bahati ya mtende, kuota jangwani." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi nikalichukua neno hilo, nikampachika Elphas jina la Mtende, nikalisambaza Manfuha nzima.

Elphas naye alicheka. Lakini mchana mmoja nilipokuwa nikifuta mlango wake aliniambia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Nilifunga macho, Naftali. Huo mpira sikuuona. Ulinigonga tu."

Niliendelea kufuta mahali palipokwisha takata.

Ng'ambo ya barabara walikuwa wakichimba njia ya metro, na vumbi lake lilining'inia hewani kutwa, la rangi ya asali. Saa za adhuhuri joto lilifanya barabara itetemeke, magari yakawa kama yanaogelea. Elphas alisimama nyuma ya kioo, kwenye baridi ya mashine, macho yakiwa mbali. Nilidhani analala wima. Akanieleza kwamba huota akiwa macho: Murad anapiga, mpira unakuja polepole, mweupe, mkubwa kama boga, na haufiki. Watu wanaingia, wanasalimu, wanatoka, na mpira bado uko njiani. Nami nikisikiliza, naapa, nilianza kuuona.

Hata hivyo kazi yake haikuharibika. Mlango ule ulikuwa na mabawa mawili ya kioo, na Elphas alifungua lile bawa ambalo mgeni alitaka kulishika, kabla mgeni hajainua mkono. Hakukosea. Nilimuuliza anajuaje, akasema bega huenda kwanza, mkono hufuata. Nikamwambia jua la Riyadh limemwingia kichwani.

Mwaka 2016 kampuni ikamwambia halas, mkataba wake haurudiwi. Desemba ilikuwa eksiti, arudi nyumbani moja kwa moja. Mashindano ya Novemba yakawa ya mwisho kwake, na alitaka kitu kimoja tu: penalti ya Murad, macho yakiwa wazi. Aliniambia kwamba akirudi Vihiga bila kujua, atabaki mbeba pedi mpaka kaburini. Alisema hivyo bila kutabasamu, nami nikaogopa kwa ajili yake.

Basi lilitoka Riyadh alfajiri. Kutwa nzima ilikuwa mchanga na anga, anga na mchanga, mpaka sikujua tena kama tunakwenda au nchi ndiyo inayorudi nyuma. Elphas aliegemeza paji la uso kwenye dirisha. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na kila nilipoamka alikuwa hivyohivyo. Jioni hewa ya Jeddah ikatulaki, nzito, yenye unyevu na harufu ya chumvi.

Ijumaa baada ya alasiri tulicheza fainali na mafundi walewale, tukafungwa mbili bila. Mechi iliisha ndani ya muda wake, hakuna penalti hata moja. Filimbi ikalia, watu wakaanza kukusanya viatu, na Elphas akabaki amesimama golini kana kwamba amesahauliwa pale. Kisha akatembea na pedi zake hadi kwa Murad, aliyekuwa amekumbatia kombe.

"Mzee Murad, nipigie penalti kumi. Mwezi ujao ni eksiti, sitarudi huku."

Wenzake Murad walishaanza kuita yalla, yalla, twende zetu. Murad akampa mtu kombe, akaokota gongo lake.

Tatu za kwanza ziliingia zote. Elphas alikuwa ameukodolea macho mpira kama mtu anayedai haki yake, na mpira ukampita. Niliona aibu nikataka kumwita tuondoke. Ndipo akauacha mpira, akainua uso, akamtazama Murad mabegani, na macho yake yakaenda mbali vilevile kama kwenye mlango wa Olaya. Nikajua.

Ya nne, mguu wa Elphas ulitangulia mpira, ukauzuia. Ya tano na ya sita pia. Ya saba ikaingia juu kabisa. Ya nane, ya tisa, ya kumi, akazitoa zote, na macho yalikuwa wazi, niliyaona mwenyewe. Waliokwisha ondoka walirudi. Kulisikika tu mpira ukigonga pedi.

Murad akalaza gongo chini. Akaja, akapiga magoti vumbini, akaanza kumfungua Elphas kanda za pedi, mtu wa umri wa baba yake. Elphas alijaribu kumwinua, akimwambia mzee, wacha. Murad hakuinuka.

"Mwaka mzima hawa wananicheka," alisema. "Wananambia nilikosa penalti ya mtoto. Nikasema bahati, ningesema nini? Kumbe sikukosa. Nilizuiwa."

Elphas alikuwa akilia. Murad akawageukia mafundi, akawaambia yaleyale kwa Kiurdu, mara mbili, kwa sauti, huku bado ameushika mguu wa Elphas.