Isale na Mizizi Yake

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani kama ilivyo ada yetu, maana Mchagga asipoonekana kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, wakati wa Krismasi majirani huanza kuulizana kama amefilisika au amefungwa. Nilishuka kwenye gari na mchele, mafuta ya kupikia na hamu kubwa ya mtori wa ndizi, na kabla sijatua mizigo nikauona ukuta. Ukuta wa tofali za saruji, mrefu kunizidi, umepita pale pale palipokuwa na mstari wa masale kati ya kihamba cha bibi yangu na cha mzee jirani. Mpwa wangu aliusifia sana: mwizi haingii, kuku hawatoki. Nikamwambia ni ukuta mzuri. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba, nikajifanya natafuta maji ya kunawa, kumbe nalia.

Usinicheke, ndugu yangu. Kama hukukulia mlimani utaona isale ni mmea tu, shina jembamba na majani marefu ya kijani yasiyoliwa hata na mbuzi. Kwetu lilikuwa ndiyo hati ya shamba. Aliyelipanda mpakani amekufa, waliomshuhudia wamekufa, isale lipo, na hakuna mwenye akili timamu anayeligusa. Lilikuwa na kazi nyingine pia, kubwa kuliko hiyo, nami nitaifikia.

Nilikuwa darasa la nne, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika sokoni Kiboriloni na bei ya kahawa ikawa haieleweki. Shuleni kwetu akaletwa mwalimu wa sayansi, mwanamke kijana kutoka Lindi, mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti. Baridi ilimtesa. Alifundisha amejifunga khanga mbili juu ya sweta, na kila asubuhi alitangaza kwamba Mungu aliumba Kilimanjaro kwa ajili ya barafu, si kwa ajili ya binadamu. Bibi alimpa chumba kwetu bila kodi, kwa sharti kwamba anisaidie hesabu. Hesabu hazikunikaa hata kidogo. Kilichonikaa ni kuchora.

Jumamosi, watoto wa jirani walipomaliza kukata majani ya ng'ombe, walikuja uani kwetu na mwalimu akatupeleka kando ya mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka kutoka msituni. Tulikaa kwenye nyasi zenye umande na kuchora mimea ya kwetu. Si waridi la kwenye kadi za Krismasi; hilo alilikataza. Tulichora mringaringa na maua yake meupe, msesewe ambao wazee huchukua magome yake kukolezea mbege, pombe yetu ya ndizi, na lile ua dogo jekundu lenye mkia wa njano uliojikunja, linaloota penye unyevu. Kila mmoja wetu aliyafahamu hayo tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuyatazama. Mwalimu alikuwa akikupokonya karatasi na kukuuliza jani lina meno au halina. Ukisema unadhani, anakurudisha ukaangalie.

Karatasi zilikuwa migongo ya kalenda za zamani. Rangi tulitengeneza wenyewe. Nyekundu ilikuwa udongo wa mlima uliochujwa, njano ilikuwa manjano ya pilau, buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, nyeusi ni mkaa. Kwa rangi ya shina tulichemsha kahawa nzito hadi uani kote kukanukia, na bibi alikuwa akisema angalau kahawa imepata mnunuzi asiyetubania. Brashi ilikuwa kijiti kibichi kilichotafunwa ncha. Nilikitafuna hadi ulimi ukafanya ganzi, nikachora huku nimeutoa nje.

Mwalimu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja. Picha ya mmea ni ya mwenye shamba ulipoota mmea huo. Hukuruhusiwa kubaki nayo, hata iwe nzuri namna gani. Jioni tulitawanyika vihambani kupeleka picha, tukaamkia shikamoo, tukaikabidhi kwa mikono miwili, na mwenye shamba akaitundika sebuleni kati ya kalenda na picha ya harusi. Tulirudi na ndizi mbivu, mara nyingine kikombe cha maziwa mgando. Babu mmoja alicheka hadi akakohoa alipoletewa picha ya mti wake wa mfuruanje, lakini alikuwa akiwaonyesha wageni wote, na mwaka huo hakuukata. Nilijua basi kwamba nitakuwa mchoraji. Sikumwambia mtu, ila nilijua, kama mtoto anavyojua siku ya sikukuu bila kuona tarehe.

Mwalimu alisisitiza pia mizizi. "Mmea usio na mizizi ni mtu asiye na miguu," alisema. Mimea midogo tuliing'oa na kuiosha mfongoni. Kwa hiyo Jumamosi moja tulipofika uani tulikuta isale limelala juu ya meza. Alikuwa ameamka mapema akaling'oa peke yake, akalisafisha, na mizizi yake ilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Sikuwahi kujua kwamba chini ya ardhi isale lina rangi ile. Alifurahi sana. Alituambia tusogee tuone.

Hakuna aliyesogea. Mtoto mmoja, mjukuu wa mzee jirani, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umelitoa wapi?" Naye akaonyesha kwa kidole, pale pale mpakani, akitabasamu. Yule mtoto akakunja karatasi yake akaenda kwao. Sisi wengine tulitazama miguu yetu. Mtoto hamfundishi mwalimu wake, na hata tungetaka, tungeanzia wapi? Nani humweleza mtu mzima kwamba moto unaunguza?

Haukupita muda mzee jirani akasimama kwenye pengo. Lazima ujue kwamba babu yangu alipofariki, yeye na bibi walikuwa wamegombania ukanda wa ardhi usiotosha hata kulaza ng'ombe. Wazee wa ukoo waliwapatanisha, na masale yale ndiyo waliyoyapanda. Tangu hapo walisalimiana vizuri, kwa uangalifu wa watu wanaobeba chungu kilichopasuka. Kahawa ilipoanguka, ardhi ikawa ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kuwaachia wanawe.

"Shemeji!" aliita. "Mume wako hajapoa kaburini, umeshaanza kuhamisha mpaka?"

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliona pengo, akaona meza, akaelewa yote. Alijieleza, lakini mzee alikuwa ameshageuka. Kwa macho yake ilikuwa wazi: mpangaji hang'oi isale bila kutumwa na mwenye nyumba.

Mwalimu alilia alipoelezwa alichofanya. Alilirudisha isale ardhini kwa mikono yake mwenyewe. Bibi akamwambia, "Nenda ukamwombe msamaha mapema, mwanangu, kidonda kisiote usaha." Akajibu, "Nitakwenda, bibi. Niache nijiandae." Bibi akaridhika. Kwetu ukimwambia mtu akaombe msamaha, humwambii aende na nini, kama vile humwambii anayekwenda kulala kwamba ajifunike.

Hiyo ndiyo kazi ile nyingine ya isale. Unakata jani lake, unalifunga fundo, unalibeba hadi kwa uliyemkosea, na unampa. Yeye hawezi kukataa. Awe na hasira ya simba, awe amefiwa kwa mkono wako, ukimletea isale anasamehe, na atakayekataa hujiletea balaa yeye na kizazi chake. Ni jani tu. Lilijaa kila kihamba, halikuuzwa, halikununuliwa, na watu walilala salama kwa sababu lilikuwepo.

Mwalimu alijiandaa wiki nzima. Kila jioni alikaa karibu na taa ya chemli akichora lile isale. Sijaona picha nzuri kama ile hadi leo, nami nimeingia majumba ya makumbusho. Kila mshipa wa jani ulikuwepo, na mizizi ile ya chungwa aliitoa kwa manjano na udongo mwekundu hadi ukataka kuigusa kuona kama ina maji. Nilidhani anachora kwa ajili yetu. Kumbe alikuwa akitimiza kanuni yake: mmea ulikuwa wa mzee, basi picha ni ya mzee, na hakuwa na kitu kingine cha thamani duniani.

Jumamosi alinichukua nimsindikize. Mzee alikuwa kwenye kigoda uani kwake, amevaa koti la kanisani. Mwalimu akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Sikujua. Nimekuletea hii."

Mzee akaichukua karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Kisha akauliza taratibu, "Na mkono mwingine una nini?"

"Sina kingine, mzee. Hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote."

Akamrudishia. "Basi, mwalimu. Nenda salama."

Tulirudi nyumbani. Bibi aliposikia alishika kichwa. "Ulikwenda na karatasi?" Ndipo akamweleza, polepole, jinsi isale linavyofanya kazi. Akatoka akakata jani, akalifunga fundo, akalileta hadi mezani. Mwenyewe hakuweza kulipeleka. Angelibeba yeye, angekuwa amekiri kwamba alimtuma. "Rudi sasa hivi. Atasamehe. Hana njia nyingine."

Lakini mwalimu alikuwa ameumia, na aliyeumia huwa haoni njia hata ikipita mbele ya pua yake. "Nimeomba kwa moyo wangu wote, bibi, akanitupia. Kumbe jani analithamini kuliko kazi ya mikono yangu? Siendi kuomba mara mbili." Bibi alimbembeleza jioni ile na kesho yake. Jani lilikaa mezani hadi likasinyaa, na nikatumwa kulitupa kwa ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtoto. Hakuna aliyetangaza lolote. Kila mzazi alipata kazi ya kumpa mwanawe. Picha zikaanza kutoweka sebuleni moja moja, maana nani anataka kuning'iniza kazi ya mtu asiyesamehewa? Muhula ulipokwisha mwalimu aliomba uhamisho mwenyewe, akapata shule ya tambarare, kuelekea Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, ambako angalau kuna joto. Aliondoka na ile picha ameikunja ndani ya khanga. Alinishika kidevu akaniambia niendelee kuangalia. Niliendelea kidogo, peke yangu kando ya mfongo, halafu ikaja mitihani, halafu nikaacha. Sikumwona tena, na sijui kama yu hai.

Basi Desemba hiyo, baada ya kunawa uso, nilichukua sukari na majani ya chai nikaenda kumwamkia mzee jirani. Amezeeka sana, haoni vizuri, na ukuta ule ni wa mwanawe. Mzee aliniambia hakuulizwa. Tulizungumza habari za mvua na za marehemu bibi. Kisha, bila mimi kuuliza, akamtaja mwalimu.

"Siku ile nilimngojea, mjukuu wangu. Nilikuwa nimevaa koti. Mbege ilikuwa ndani, nimemwambia mke wangu aipike tunywe tukipatana. Nilitaka kusamehe."

"Sasa mbona hukuipokea picha, babu?"

"Kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Ningeipokea bila jani, wanangu wangesema nimeuza ardhi ya baba yangu kwa picha. Nikasema atarudi tu, bibi yako atamweleza. Nikakaa hapo kwenye kigoda. Wiki ile nzima sikwenda hata sokoni, nikiogopa asije akanikosa."

Nilihesabu umbali kutoka mlango wetu hadi kigoda chake. Ni mahali ambapo mtu akikaanga vitunguu huku, kule wanapiga chafya. Watu wawili wazuri walikaa pande mbili za mstari wa majani, kila mmoja akimngoja mwenzake, na sisi wote wengine tukaenda zetu kukata majani ya ng'ombe.

Mzee akavuta kigoda karibu. "Wewe si ulikuwa mwanafunzi wake? Nichoree mimi lile isale. Sasa hakuna atakayesema neno."

Mjukuu mmoja akaleta kalamu na karatasi ya daftari. Nilitazama huku na huku nipate la kuigia. Uani mwao halikuwepo isale hata moja, na kwetu vivyo hivyo. Nikachora kwa kichwa. Niliweka shina, nikaweka majani marefu, nikakumbuka kwamba kuna jambo kuhusu namna jani linavyolikumbatia shina, lakini jambo lenyewe halikuja. Mizizi nilipiga mistari tu. Nikampa kwa mikono miwili.

Aliisogeza hadi karibu na jicho lake zima, akaitazama kwa subira na adabu yote ya mtu aliyeletewa zawadi.

"Mahindi haya?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, babu, ni mahindi.