Utitiri Kichwani

Jirani yangu hapa Kitengela ananyunyizia banda lake la kuku majivu na mafuta ya taa. Nimefunga dirisha, lakini harufu imeshaingia.

Nilipokuwa mtoto, banda letu liliwahi kuvamiwa na utitiri, vidudu vyekundu vilivyojaa kwenye nyufa za mbao. Mama alimwaga majivu kila pembe, na mdogo wangu akaingia kuwatoa kuku. Alitoka akijikuna. Mama akakaa kwenye stuli, akamlaza mapajani, akaanza kumchambua nywele polepole huku akimwimbia. Mimi nilisimama pale na ndoo yangu. Sikukumbuka lini mapaja yale yalikuwa yangu.

Basi nikaingia bandani. Nikalala kwenye nyasi za kutagia, nikasugua kichwa kwa mbao hadi shingo ikaniwasha kama upupu. Nikatoka mbio.

“Mama, hata mimi niko nayo!”

Hakuinua macho. “Wewe si ni mkubwa? Maji iko kwa beseni. Jioshe.”

Mdogo wangu alifungua jicho moja, akanitazama, akalifumba tena.