Maji ya Kuponya Watu Yalivyotaka Kuua Bahari ya Xavérine

Ukungu bado umelala juu ya Ziwa Kivu, lakini uvumi umeshaamka. Xavérine Mukamusoni anashuka kwenye pikipiki karibu na wanawake wanaouza sambaza, vidagaa vya ziwa hilo, na kabla hajauliza bei anasikia anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Gisubizo! Ni kweli gesi ya ziwa imeanza kupanda? Wanasema maua ya ile bahari yenu ya hoteli imekufa yote. Vitu vya maji njo vinajua wa kwanza, watu tunajua nyuma."

Xavérine anacheka, kicheko cha mdomo tu. Ndiyo kwanza anarudi kutoka Bugeshi, alikokwenda kumuuguza mama yake. Hana habari yoyote. Anaaga bila kununua kitu, lakini lile neno limemng'ang'ania kama kupe. Ana watoto watatu, na wote huogelea Kivu kila Jumapili wakitoka kanisani. Chini kabisa ya ziwa hilo imelala gesi inayoweza kuua watu ikipanda. Je, kama ni kweli?

Anaingia hotelini kwa mlango wa nyuma, anapita mapokezi, anawasha taa ya buluu. Anasogea mbele ya tangi la samaki analolitunza.

Maji ndani ya kioo yamekuwa meupe, kama maziwa yaliyoongezwa maji. Matumbawe aliyoyaacha na ncha za zambarau sasa yana ncha nyeupe kama chaki. Samaki wamejibanza pembeni.

"Mana yanjye, Mungu wangu," anasema. "Wananiulia watoto."

Tangi hilo ni sanduku la kioo refu kuliko kitanda, lenye lita elfu moja za maji ya chumvi. Matumbawe wengi huyaita maua au mawe, lakini ni viumbe hai. Yanakula, yanalala, yanaumwa. Fundi aliyelijenga, Igor, alikaa Gisenyi, mji wa hoteli hiyo, mpaka alipopata mtu wa kumwachia. Mtu huyo alikuwa Xavérine, ambaye wakati ule kazi yake ilikuwa kupiga deki na kufuta vioo.

"Igor aliniambia, mama, samaki wasikuogopeshe. We lea maji. Maji ikiwa muzuri, wenye kukaa ndani watajilea," anakumbuka. "Nikamwambia, bon, kulea ninajua."

Na kweli analea. Kila asubuhi, kabla wageni hawajashuka kunywa chai, anapima chumvi na joto. Kisha anapima kitu ambacho mafundi hukiita KH, yaani nguvu ya maji ya kujizuia yasiwe makali. Halafu anapima kalsiamu, ambayo matumbawe huijengea mifupa yao kama mtoto anavyojenga meno.

Mwisho anapima uchafu unaotokana na chakula na kinyesi cha samaki. Huo hautakiwi kuzidi, na wala hautakiwi kuisha. Jambo hilo halikumsumbua kulielewa, maana amezaliwa kwa wakulima wa viazi.

"Kwetu Bugeshi ukimwaga samadi mingi, kiazi inatoa majani, we unafurahi, kuchimba chini hakuna kitu," anasema. "Hapa iko vile vile. Chakula ikizidi, mwani unameza mawe yote. Lakini ukiondoa yote, tumbawe inalala njaa, inapauka. Donc, ni kidogo, lakini kila siku."

Kazi hiyo ndiyo inayoshikilia nyumba yake ya kupanga, vyumba viwili, watu watano. Ndiyo maana asubuhi ile, meneja wa hoteli, Régis, alipokuja kusimama karibu naye mbele ya kioo, Xavérine alijua kinachokuja.

"Mama Gisubizo, pole na mugonjwa," Régis alianza. "Nitasema wazi. Jumamosi iko harusi hapa. Watu hawatakunywa mbele ya maiti. Kama hadi ile siku maji iko hivi, tunaitoa, tunapanga chupa za divai mule ndani."

"Na mimi, patron?"

Kazi ya kupiga deki ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Mzazi yeyote anaujua wasiwasi wa namna hiyo. Ukiwa nao, mkono unataka kufanya jambo lolote, mradi ufanye. Xavérine aliuzuia mkono wake. Alichukua vipimo.

Chumvi ilikuwa sawa. Joto sawa. Akaja kwenye KH. Kipimo hicho ni cha matone: unadondosha dawa kwenye maji kidogo, unatikisa, unangoja rangi igeuke. Siku zote rangi iligeuka kwenye tone la nane. Siku ile tone la nane lilipita, la tisa likapita, na rangi ikakaa palepale mpaka la kumi na tatu. Kalsiamu nayo ilikuwa imeshuka.

Akampigia Igor simu.

"Kuna kitu kimeongezwa," Igor alisema. "Nani ametia dawa?"

"Dawa iko kwa kabati, na ufunguo nilienda nao Bugeshi."

"Basi tafuta mlango. Maji hayajipandishi yenyewe."

Mlango ni pipa lililo chini ya tangi, mahali pasipo na kufuli. Kila siku taa na joto hukausha maji kidogo. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Kwa hiyo pipa hurudishia kile kilichopaa, tone kwa tone, kwa maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu ndani yake. Kipimo kikichovywa pale lazima kisome sifuri.

Xavérine alikichovya. Namba zikaruka juu kama mbuzi aliyekanyagwa. Akapitisha kidole ukutani mwa pipa, akakutana na mviringo mweupe, mgumu, kama ukoko wa ndani ya birika kuukuu.

Palepale, anasema, ule uvumi wa sokoni ulimtoka kifuani.

"Gesi haina mukono wa kufungua pipa," anasema. "Huyu alikuwa mutu."

Hakupiga kelele. Alitoka kwenda uani, akauliza mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, nani alijaza pipa. Mzee Vénuste, mtunza bustani, mzaliwa wa Nyamyumba, akavua kofia.

"Ni mi," alisema. "We hukuwako. Niliona ua moja imejikunja. Nikasema, Mama Gisubizo iko na mugonjwa wake kule, na hawa wagonjwa wake wa huku tuwaache tu? Nikaleta amashyuza. Bidoo tatu."

Amashyuza ni maji ya moto yanayobubujika kando ya ziwa kule Nyamyumba. Watu wa wilaya ya Rubavu huenda kuloweka magoti na migongo pale, na wengi hurudi wakiyasifu.

"Muzee!" Xavérine alisema. "Maji ya moto ndani ya samaki?"

"Yewe! Unaniona mujinga?" Vénuste alijibu, akiwa ameumia kweli. "Niliacha kwanza ipoe. Sikutaka kupika mutu. Ile maji iliponya goti yangu, unaniona ninapanda ngazi. Nilijua itaponya na wao."

Wafanyakazi wa jikoni, waliokuwa wamejazana mlangoni, waliangua kicheko. Xavérine naye alicheka, huku machozi yakimlenga. Angemgombeza vipi mtu aliyebeba madumu matatu kutoka Nyamyumba kwa mapenzi?

Lakini mapenzi hayafuti madhara. Maji ya chemchemi yale hupanda na madini mengi kutoka chini ya ardhi. Kwa goti, sawa. Kwa tumbawe, KH ilipanda haraka kuliko lilivyoweza kuzoea, na kalsiamu ikageuka vumbi jeupe ndani ya maji. Ndilo lililoonekana kama maziwa. Ngozi za matumbawe zikaungua kwenye ncha, pale palipokuwa pachanga.

Sasa ukaja mtego wa pili, na huo ndio uliomtisha zaidi: haraka.

"Tumwage yote leo, tujaze mapya," Régis alisema. "Tunafika Jumamosi bila shida."

Igor, simuni, alikataa. Tumbawe lililoungua kwa kupandishiwa KH haraka, likishushiwa ghafla, linamalizika. Lakini Igor alikuwa mbali, na anayetakiwa kusema hapana mbele ya bosi alikuwa Xavérine.

"Nilimwambia, patron, mutoto akiwa na homa humutupi ndani ya barafu," anasimulia. "Unamupanguza polepole. Nipe hadi ile Jumamosi yako. Kama imeshindikana, mi mwenyewe nitapanga hizo chupa."

Régis akakuna kidevu, akasema: "Utazipanga kweli?"

"Na nitazifuta vumbi."

Wakakubaliana.

Alimwaga pipa, akalisugua, akalijaza maji yaliyochujwa, akachovya kipimo mpaka kikasoma sifuri. Aliacha kutia dawa zote za KH na kalsiamu alizozoea kutia. Alipunguza taa na chakula. Kila asubuhi alitoa maji kiasi kidogo na kurudishia mengine, yaliyokorogwa na chumvi tangu jana yake na kupashwa joto lilelile la tangi.

Aliyebeba ndoo alikuwa Vénuste, na ndoo hazikubebwa kimya kimya.

"Leo muzee unabeba maji isiyoponya mutu," Xavérine alimtania.

"Beba wewe uone kama haiponyi uvivu," mzee alimjibu.

KH ilikuwa ikishuka tone moja, siku nyingine nusu. Kuna asubuhi haikushuka kabisa, na Xavérine anakiri kwamba aliitazama chupa ya dawa ya kushusha kwa macho ya mtu mwenye kiu. Aliirudisha kabatini, akafunga.

Jumamosi ilimkuta mbele ya kioo na kitambaa mkononi. Maji yalikuwa yanang'aa. Samaki walikuwa wametoka pembeni. Ncha zilikuwa bado nyeupe, na tawi moja kubwa lilikuwa limekufa. Lakini jirani yake, matumbawe laini yalikuwa yamefungua vidole, yakipepea.

Bibi harusi alikuja na shela yake, akainama.

"Hizi nyeupe ziko na nini?" aliuliza.

"Ziliumwa," Xavérine alimjibu. "Zinapona."

"Basi tupigiwe picha nazo. Na mimi nimetoka kuumwa," alisema bibi harusi, na watu wake wakapiga vigelegele. Régis, aliyekuwa amesimama karibu na kreti za divai, aliwaita vijana wazirudishe stoo.

Kesho yake, Jumapili, Xavérine aliwapeleka wanawe Kivu kama kawaida. Njiani alisimama kwa wauza sambaza, akawaeleza habari nzima. "Gesi ya ziwa iko na watu wake wenye kuipima kwa vyombo vyao," aliwaambia. "Musiulize samaki wangu." Mmoja wao alijipiga paja akasema: "Afadhali Vénuste kuliko gesi!"

Leo rangi ya zambarau inarudi kwenye ncha, taratibu. Lile tawi lililokufa hakulitoa. Analionyesha kwa kila anayeuliza.

Anao mpango, na Régis ameshaukubali. Tangi dogo litawekwa uani, na ndani yake atapanda vipande anavyokata kwenye matumbawe yaliyopona, kama wanavyotenga mbegu za viazi kwao Bugeshi, ili tangi kubwa likipata shida tena pawe na pa kuanzia. Msaidizi ameshamchagua: Mzee Vénuste, ambaye sasa anajua kusoma tone la nane na hagusi pipa bila kipimo.

"Huyo ameshafanya kosa yake," anasema. "Mupya bado angekuwa nayo mbele."

Kwa wazazi ambao watoto wao hupita pale mapokezini, na kwa yeyote mwenye tangi kama hilo, anaomba haya yaepukwe:

Usitie maji ya Kivu, ya bomba wala ya mvua bila kuyachuja na kuyapima.

Usirudishie maji ya chumvi pale maji yalipopaa. Chumvi haikuondoka.

Usimwachie mtoto kutupa mkate au chapati kwa samaki. Wao hawatamaliza, mwani utamaliza.

Usitie mkono wenye sabuni, mafuta au dawa ya mbu. Na ukitia mkono, unawe ukitoka.

Usichemshe mawe ya tangi wala kuyasugua kwa maji moto. Mengine yana sumu ndani, na mvuke wake unaweza kulaza nyumba nzima.

Usirekebishe kwa siku moja kilichoharibika kwa siku nyingi.

Usiondoke bila kumwambia anayebaki asiguse nini, hata kama ni mtu mwema. Hasa kama ni mtu mwema.

Amashyuza usiyapeleke popote isipokuwa kwenye goti.

Na usisambaze uvumi kabla hujafungua pipa.